Magugu ya Ukingo wa Bwawa la Nyumbani: Panga, Kavera, Dawa, Mbuzi au Kuchimba Upya?

Bwawa letu liko nyuma ya nyumba, upande wa migomba, nje kidogo ya mji wa Tororo, Uganda. Lina hatua kumi na nane kwa kumi na mbili, na ndani yake tunafuga ngege (tilapia) na kambare wa kula nyumbani. Miaka miwili ya kwanza ukingo ulikuwa safi. Mwaka wa tatu ukisimama jikoni ulikuwa huoni maji tena, unaona ukuta wa majani, na jioni mbu wanatoka humo kama moshi.

Hapo ushauri ukaanza kumiminika. Huyu anasema fyeka. Yule anasema pulizia dawa, wiki mbili kazi imekwisha. Wa tatu ana mbuzi. Njia tano ninazolinganisha hapa nimezijaribu zote, nyingine kwa hasara, na bado sijaona iliyo bora kwa kila mtu. Nilichoona ni kwamba wengi tunachagua njia kabla ya kuujua mmea tulio nao, na kabla ya kujiuliza maji yale yanatumika kwa kazi gani.

Uujue mmea kwanza

Kuna yale marefu yenye kichwa cha kahawia kama gunzi lililochomwa, ambayo wataalamu huyaita Typha. Hapa nitayaita vichwa vya kahawia. Kuna mafunjo. Haya mawili yana shina nene linalotambaa ndani ya tope. Yanayoonekana juu ni majani tu, mwili wenyewe uko chini. Kuna nyasi za tembo, ambazo Waganda wanaziita bisagazi, zinazosimama nchi kavu na kuinamia majini. Kuna lumbugu, nyasi inayotambaa chini ya udongo, ambayo kila aliyewahi kulima Uganda anaijua: kikibaki udongoni kipande cha urefu wa kidole, mvua ikinyesha unaanza upya.

Na kuna yanayoelea, hasa gugu maji, lile la maua ya zambarau lililotapakaa maziwa ya Kyoga na Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Hili halihitaji ulinganisho mrefu. Halijashika ardhi, kwa hiyo livute kwa reki na ulianike mbali na maji. Mbegu zake hukaa kwenye tope miaka mingi, basi jiandae kurudia. Wale fukusi, wadudu wanaolila gugu hili, walioachiliwa Ziwa Victoria mwaka 1995 walisaidia sana huko ziwani, lakini kwa bwawa la nyumbani reki inawahi kuliko mdudu.

Nitapima kwa vigezo gani

Kila njia nitaiuliza maswali manne yale yale. Inafika kwenye mzizi? Inayafanyia nini maji na samaki? Inakula nini: jasho, fedha au muda? Na ikishapita, ukingo unabaki katika hali gani? Swali la mwisho watu hulisahau, kisha mvua ya Aprili inawakumbusha.

1. Panga, mundu na jembe

*Mzizi.* Kwa vichwa vya kahawia, kila kitu kinategemea unakata wapi. Chukua jani moja ulipasue: ndani kuna vijumba vidogo vya hewa, kimoja juu ya kingine, kuanzia ncha mpaka chini. Ndiyo njia ya pumzi. Shina lililozikwa kwenye tope halina hewa nyingine ila ile inayoshuka humo. Ukikata juu ya maji, kisiki kinaendelea kupumua. Ukikata chini ya maji, kisiki kikafunikwa na maji yasiyopungua sentimita 8, shina linakosa pumzi na kuoza.

Mimi sikulijua hilo. Mara ya kwanza kijana wa leja leja, kibarua wa siku, alifyeka nusu ya ukingo, akasimama, akajifuta uso, akasema, "Mama, hapa tunanyoa ndevu tu." Alisema kweli. Wiki tatu baadaye ndevu zilikuwa zimerudi, nene kuliko mwanzo. Mara ya pili tulitumia mundu, mikono ndani ya maji mpaka kiwiko, tukakata pale jani linapokuwa jeupe karibu na tope. Machipukizi yalipotokea tukarudia, na tena. Upande ule haujaota tena.

Mafunjo ni ya kung'oa kwa jembe la meno, kipande kwa kipande, na kila kipande ni kizito kama mtoto wa miaka mitatu. Lumbugu ukiikatakata kwa jembe unaizidisha. Ifukue kwa uma, ivute mzizi mzima, iweke kwenye gunia.

*Maji na samaki.* Madhara ni madogo. Maji yanachafuka siku moja au mbili, basi. Ila ulichokata kitoe majini siku hiyo hiyo.

*Jasho na fedha.* Hapa ndipo inapouma. Bwawa kama letu lilitaka vijana wawili kwa siku nne, na kurudia. Kisha kuna afya: konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho wanaishi kwenye maji yaliyotulia, katikati ya majani haya haya. Gambuti ndefu na glavu za mpira si anasa. Usimwingize mtu peku kwenye bwawa lako kwa sababu tu amekubali.

*Ukingo.* Ukikata, mizizi inabaki ikishika udongo kwa muda. Ukichimba, udongo unalegea. Usichimbe zaidi ya hatua tano kabla hujapanda kitu.

*Inamfaa* mwenye bwawa dogo, mwenye samaki au mifugo inayokunywa pale, na mwenye familia au vijana wa kusaidia.

2. Kufunika kwa kavera (karatasi ya plastiki) nyeusi

*Mzizi.* Mmea usioona jua unakula akiba yake ya chini mpaka inaisha. Fyeka hadi ardhini, tandaza kavera nzito nyeusi, zika pembe zake au uzikandamize kwa mawe, uiache. Nyasi za kawaida miezi miwili au mitatu inatosha. Lumbugu iache msimu mzima, na usiifunue kuchungulia, maana mwanga wa wiki moja unairudishia nguvu. Vichwa vya kahawia vina ncha kali zinazotoboa kavera nyembamba.

*Maji na samaki.* Hakuna sumu. Ila kavera iishie ukingoni. Ukiitandaza juu ya maji unawazibia samaki hewa.

*Jasho na fedha.* Unanunua mara moja, unahamisha kutoka sehemu moja hadi nyingine. Jua letu linaila haraka. Ikianza kupasuka iondoe mara moja, kabla vipande havijaingia majini na shambani. Siku ya kufunua simama mbali uinue kwa mti mrefu, kwa sababu nyoka wanapenda joto la chini yake. Sisi tulimkuta mmoja, akaenda zake, lakini mkono wa mtoto ungekuwa hapo ingekuwa habari nyingine.

*Ukingo.* Unabaki uchi kabisa, mweusi na laini, tayari kwa kupandwa. Ukiuacha hivyo wiki mbili magugu mengine yatauchukua.

*Inamfaa* mtu mwenye subira, ambaye tatizo lake liko upande wa nchi kavu wa ukingo, na ambaye hataki dawa karibu na nyumba.

3. Dawa ya kupulizia

Nitaieleza kwa haki, kwa kuwa inafanya kazi, na kwa kuwa niliitumia vibaya.

*Mzizi.* Dawa yenye glaifoseti inaingia kwenye jani la kijani na kushuka mpaka mzizini. Kwa lumbugu ni vichache vinavyoishinda. Lakini ina masharti yake. Jani liwe zima, kijani, bila vumbi. Ukifyeka kwanza umeifungia mlango. Kusiwe na mvua kwa saa sita hivi, na huku kwetu mvua ya mchana haipigi hodi, kwa hiyo pulizia asubuhi umande ukikauka. Na usichote maji ya bwawa kuchanganyia. Tope linaishika glaifoseti na kuinyang'anya nguvu, kwa hiyo maji ya kahawia ndani ya bomba ni fedha uliyomwaga. Tumia maji safi.

*Maji na samaki.* Dawa nyingi zinazouzwa kwa ajili ya shamba zimetiwa kitu kama sabuni ili zishike jani, na sabuni hiyo mara nyingi inawadhuru samaki na viluwiluwi vya vyura kuliko glaifoseti yenyewe. Soma kibandiko. Kikisema isitumike karibu na maji, basi isitumike karibu na maji, hata muuzaji akikuhakikishia vipi. Dawa iliyohamishiwa kwenye chupa ya soda bila kibandiko iache hapo hapo dukani.

Hatari ya pili haitoki kwenye chupa. Januari moja nilipulizia ukingo wote alasiri moja. Siku ya kumi majani yalikuwa ya manjano na nilifurahi. Wiki moja zaidi yakaanza kuanguka majini na kuoza, na vinavyooza vinakula hewa ya maji. Maji ya joto yana hewa kidogo tangu mwanzo, na alfajiri ndiyo saa yanapokuwa nayo kidogo kabisa. Nilitoka saa kumi na mbili asubuhi nikakuta ngege wamejaa juu, midomo wazi, wanafungua na kufunga kama wanaosema neno moja bila sauti. Kambare, ambaye anaweza kupumua hewa ya juu, alivumilia. Ngege hawakuvumilia. Tulizika ndoo mbili.

Kwa hiyo: theluthi moja ya ukingo kwa wakati mmoja, wiki tatu kati ya theluthi na theluthi, na majani yaliyokauka uyavute nje kabla hayajazama.

*Jasho na fedha.* Hakuna njia inayookoa siku nyingi kama hii. Bomba la kuazima, asubuhi moja, mtu mmoja. Gharama nyingine ni mwili wa anayepulizia. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka glaifoseti kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinaleta saratani kwa binadamu. Mamlaka za nchi kadhaa, Marekani ikiwemo, zimesema vingine. Mabishano hayo yasikuzuie kuvaa glavu, gambuti, shati la mikono mirefu na kitambaa puani. Parakwati, dawa nyingine ya magugu, usiilete nyumbani kabisa. Funda moja lake linaua na hakuna dawa ya kuliondoa mwilini.

*Ukingo.* Mizizi iliyokufa inashika udongo miezi michache, jambo ambalo jembe halikupi. Tumia miezi hiyo kupanda.

*Inamfaa* mwenye ukingo mrefu uliojaa lumbugu upande wa juu, mbali na maji, ambaye hana mikono ya kutosha na yuko tayari kufuata kibandiko neno kwa neno. *Haimfai* mwenye bwawa ambalo watoto wanachota maji au ng'ombe wanakunywa.

4. Mbuzi na bata

*Mzizi.* Haifiki. Mbuzi anapunguza, hamalizi. Nyasi za tembo anazipenda zikiwa changa, zikikomaa anaziacha. Bata anakula yanayoelea na machipukizi laini.

*Maji na samaki.* Samadi kidogo inarutubisha maji, nyingi inayageuza rangi ya supu ya mboga, na hapo unarudi kwenye tatizo la hewa ya alfajiri.

*Jasho na fedha.* Karibu bure kama mifugo unayo tayari na una mtu wa kushika kamba. Usimfunge mbuzi ukingoni ukaenda sokoni. Kamba fupi na maji ya kina havipatani.

*Ukingo.* Kwato zinabomoa kingo zenye unyevu, na bata wanachimba kwa midomo. Mvua ikishaanza, waondoe.

*Inamfaa* mtu aliyekwisha kusafisha kwa njia nyingine na anataka ukingo ubaki mfupi.

5. Kuchimba ukingo upya

Hii inagusa sababu yenyewe. Mimea yenye mizizi kwenye tope na majani hewani inataka maji mafupi, ya kifundoni mpaka magotini. Zaidi ya mita moja hivi mingi inashindwa. Bwawa lililochimbwa kama sahani, lenye mteremko mrefu wa polepole, limeitengea mimea hiyo shamba. Letu lilikuwa hivyo, kwa sababu tuliogopa watoto.

*Mzizi.* Unatoka wote pamoja na tope lake.

*Maji na samaki.* Lazima upunguze maji, na samaki uwahamishe au uwavue kwanza. Wakati wake ni mwisho wa msimu wa mavuno ya samaki, maji yakiwa chini, Januari au Februari.

*Jasho na fedha.* Ndiyo ghali kuliko zote kwa siku moja, na ndiyo usiyorudia kila mwaka. Fundi wa mabwawa mzuri atakuchimbia mteremko unaoshuka futi moja kwa kila futi mbili za kwenda mbele. Udongo ukiwa wa kichanga, futi tatu. Mteremko mkali kuliko hapo unaporomoka. Tope lililotoka ni dhahabu kwa migomba, mradi halina lumbugu.

*Ukingo.* Ni mpya, na mpya ni dhaifu. Panda paspalamu au nyasi nyingine fupi inayotambaa siku hiyo hiyo, umwagilie mpaka ishike. Miti usipande juu ya tuta, mizizi yake hutoboa njia za maji. Na maji yakiwa ya kina karibu na ukingo, weka uzio. Woga wetu wa mwanzo haukuwa wa bure.

*Inamfaa* mwenye bwawa ambalo magugu yamerudi mara tatu au nne pale pale, na anayekusudia kulitumia miaka mingi.

Kabla hujagusa chochote

Usisafishe ukingo wote. Acha kipande, hasa pale maji yanapoingia. Mafunjo na vichwa vya kahawia vinachuja tope na uchafu. Kinamasi cha Nakivubo kwa miaka mingi kimepokea maji machafu ya Kampala kabla hayajafika Ghuba ya Murchison, ambako mji huo huo unavuta maji yake ya kunywa kule Ggaba. Kwenye bwawa la nyumbani, hatua tatu za mafunjo mlangoni mwa maji zinafanya kazi hiyo hiyo kwa kipimo chake, na mabua yake bado yanatoa mkeka. Pembe nilizosafisha mimi ni zile za kulishia samaki, za kuvulia, na upande unaoelekea madirisha, kwa ajili ya mbu.

Ulichokata, kitandaze chini ya migomba kikikauka. Lumbugu peke yake ichome au iache juani mpaka ivunjike mkononi.

Kwa hali yako

Bwawa dogo, samaki wa kula, vichwa vya kahawia vimejaa majini: mundu chini ya maji, mara tatu, na uvumilivu wa miezi miwili.

Tatizo ni lumbugu kwenye tuta, na huna haraka: kavera. Kama una haraka na hakuna anayetumia maji yale: dawa, kwa theluthi, asubuhi, kwa maji safi ya kuchanganyia.

Unaishi mjini Kampala au Mbale na unarudi nyumbani kijijini mara moja kwa miezi mitatu: mundu hautakusaidia, kwa sababu kurudia ndiko kunakoua, na wewe hutakuwepo. Ama mpe mtu wa hapo kazi hiyo kwa malipo ya kila mwezi, ama weka akiba ya kuchimba ukingo upya kiangazi kijacho.

Umeshasafisha na unataka pabaki hivyo: paspalamu, na mbuzi wa kushikwa kamba wakati wa kiangazi.

Una magugu ya kila aina kwa pamoja, kama tulivyokuwa sisi: gawa ukingo. Sisi tulichimba upya upande wa kusini, tukakata chini ya maji upande wa jikoni, tukafunika tuta la juu kwa kavera, na mlangoni mwa maji hatukugusa.

Na kama bwawa lako limechimbwa ndani ya kinamasi au kando ya mto, usianze na chombo chochote kati ya hivi. Ibara ya 237 ya Katiba ya Uganda ya 1995 inaweka vinamasi, mito na maziwa chini ya ulinzi wa serikali kwa ajili ya wananchi wote, na kuondoa mimea yake kunataka kibali cha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Nenda kwanza kwa afisa mazingira wa wilaya na afisa wa uvuvi, uwaombe waje wasimame nawe ukingoni. Hapo ndipo utakapojua mwisho wa bwawa lako ni wapi na mwanzo wa kinamasi ni wapi, na weka kigingi mahali hapo.